Haraka, Baraka na Spidi

Waarabu wana methali ya maneno mawili tu: al-haraka baraka. Hapa Doha husikika zaidi jioni, joto likishapungua, wazee wanapohimizana kutembea kando ya bahari; daktari humwambia mgonjwa wa magoti, na mama humwambia kijana asiyetaka kutoka kitandani kwenda kutafuta kazi. Maana yake ni kwamba mwenye kujongea hupata, na aliyekaa kitako riziki humpita. Mswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza hana budi kuduwaa. Maneno ni yale yale aliyolelewa nayo, ila kwake yamefungwa kwa ukanushi: haraka haraka haina baraka. Ni kana kwamba mtu aliazima sarafu ya jirani, akaigeuza upande wa pili, kisha akaitumia sokoni karne kadhaa bila yeyote kulalamika.

Wepesi wa kueleza jambo hili ni kusema kwamba Waarabu wanapenda kasi na Waswahili wanapenda utaratibu. Maelezo hayo hayafai kitu. Waarabu wenyewe wana usemi mwingine, unaopokewa katika hadithi za Mtume, kwamba utulivu unatoka kwa Mungu na pupa inatoka kwa shetani. Na neno wanalolitumia huko kwa pupa ni ajala, si haraka. Tofauti iliyopo si ya hekima mbili zinazobishana. Ni ya neno moja lililohama.

Katika Kiarabu haraka si kasi. Ni mjongeo, kinyume cha utulivu. Wanasarufi wa lugha hiyo hulitumia neno hilo kutaja alama za fataha, kasra na dhuma, kwa sababu kwao herufi iliyotiwa alama hizo inatembea, na isiyotiwa imetulia, ina sukuni. Waliosoma chuoni pwani wanazijua alama hizo kwa jina la irabu, na pengine ndiyo sababu hawakuona kwamba haraka wanayoambiwa wasifanye njiani ndiyo ile ile wanayoitia juu ya herufi. Utulivu wa sukuni nao umetupa maskani, mahali mtu anapotulia. Katika siasa za Kiarabu za leo haraka ni vuguvugu, kundi la watu walioinuka kwa ajili ya jambo. Na maana hiyo tuliipokea katika umbo la wingi, tukapata harakati na mwanaharakati. Mtoto mmoja ameingia nyumbani kwetu kwa milango miwili, na ndugu hao hawafanani tena. Mwanaharakati anaweza kuwa mtu mtaratibu kupita kiasi.

Mjongeo uligeukaje kuwa kasi? Naamini jibu limo kinywani mwa anayeamuru. Neno lolote la kujongea, likitamkwa kama amri, huwa neno la kuharakisha. “Twende!” haisemi tuende kwa kasi gani, lakini mtoto aliyeambiwa “twende!” na mama yake mlangoni hahitaji kamusi. “Haya!” yetu ni hayya ya Kiarabu, wito wa kumwita mtu aje, na mwito huo husikika katika kila adhana kwa sauti isiyo na pupa hata kidogo. (Haya ya aibu ni neno jingine kabisa, sikio la Kiswahili ndilo lililoyaunganisha.) Mwaka 2022, Kombe la Dunia lilipochezwa Qatar, kibali cha mashabiki cha kuingia nchini na viwanjani kiliitwa Hayya. Mashabiki waliotoka Nairobi na Dar es Salaam walishika mkononi kadi iliyowaambia “haya!”, na nina hakika walikuwa miongoni mwa wageni wachache ambao hawakuhitaji kufasiriwa.

Kuna pia yalla, neno ambalo mgeni wa Ghuba hulijua kabla hajajua salamu. Asili yake ni “ya Allah”, yaani “Ee Mwenyezi Mungu”. Ilikuwa dua ya mtu anayeinua mzigo au anayeanza safari. Leo ni fimbo ya msimamizi, honi ya teksi, na simu inayokatwa. Hima nayo: kwa Kiarabu himma ni azma ya moyo, ari ya kulikusudia jambo kubwa. Kwetu imekuwa upesi tu, na kuhimiza ni kumsukuma mwingine, hata kama yeye hana azma yoyote.

Nayasema haya kabla ya kufika kwa Waingereza, kwa kuwa ni desturi kudhani kwamba wao walikuja pwani na lugha iliyozaliwa na saa mkononi. Haikuwa hivyo. Maneno makuu ya Kiingereza ya kwenda mbio yote yalianza na kazi nyingine. “Quick” lilimaanisha hai, mwenye roho. Katika sala zao za zamani wazima na wafu bado hutajwa kwa neno hilo, na zebaki iliitwa fedha hai kwa kuwa hutikisika kama kitu chenye uhai. “Fast” lilimaanisha imara, kilichokazwa: mlango uliofungwa barabara, fundo lisilolegea. Msomaji atauliza, kitu kilichokazwa kitakimbiaje? Na ajisikilize yeye mwenyewe anapomwambia mwenzake “kaza mwendo”. Njia ni moja: nguvu iliyofunga fundo ndiyo iliyotiwa miguuni. “Haste” lilipitia Kifaransa cha kale likitoka katika shina la Kijerumani lenye maana ya ukali na ugomvi. “Hurry” ni kijana kati yao. Lilianza kuonekana katika maandishi miaka ya 1590, na Shakespeare ni miongoni mwa wa kwanza kulitumia. Hata posta, ambayo Waingereza waliifanya mfano wa kasi kiasi cha kuandika juu ya bahasha maneno ya kumhimiza mchukuzi, asili yake ni mahali palipowekwa, kituo ambapo farasi walisimama wakingoja.

Lakini neno linalonishughulisha zaidi ni “speed”. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa fanaka: kufaulu, neema, mambo kumnyookea mtu. Msafiri aliyeagwa kwa maneno “God speed” hakuombewa farasi mwenye mbio. Aliombewa Mungu amfanikishe, kama tunavyosema sisi safari ya heri. Maana ya kasi ilikua pembeni, kisha ikamea hadi ikaifunika ile ya kwanza, na fanaka ikabaki katika salamu za kuagana na katika methali moja: “more haste, less speed”. John Heywood aliiweka katika mkusanyiko wake wa methali wa 1546. Mwingereza wa leo huifasiri kama kitendawili cha mwendo, kwamba ukikimbilia sana utachelewa, na huvutiwa na jinsi maneno mawili ya kasi yanavyogongana. Hapo mwanzo hayakugongana. Methali ilisema kwa lugha nyoofu: pupa nyingi, fanaka kidogo.

Wafasiri wa methali za Kiswahili kwa Kiingereza mara nyingi huziweka hizi mbili pamoja, haraka haraka haina baraka upande huu na ile ya Heywood upande ule, wakiamini kwamba zinakaribiana tu. Zinafanana neno kwa neno. Spidi ya zamani ni baraka. Kama kungekuwa na fundi wa lugha aliyetaka kuifasiri methali yetu kwa Kiingereza cha karne ya 16, asingepata neno bora kuliko hilo, na kama Heywood angeshuka Lamu, angeambiwa methali yake inajulikana hapa.

Kuna jambo jingine katika methali yetu ambalo husomwa kwa kupitiwa. Haikusema upesi hauna baraka. Upesi ni jamaa wa wepesi, mwendo wa mtu asiyelemewa na kitu, na sijaona methali inayoulaumu. Wala haikusema haraka haina baraka, mara moja. Ilisema haraka haraka. Urudufu huo si wa kunogesha sauti peke yake. Tazama jirani zake: ngoja ngoja huumiza matumbo; chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kungoja kuna mahali pake, na kuchelewa mara moja hakujamnyima mtu mwana. Kinacholaumiwa ni mazoea, kitendo kilichokuwa tabia. Methali hizi zikisomwa pamoja, Mswahili hapendi kuchelewa kama asivyopenda papara. Itakumbukwa kwamba tunasema pia polepole ndio mwendo, na hapo urudufu unasifiwa. Ni kweli, ila polepole limekwisha kuganda kuwa neno moja, na shina lake halihusu mwendo hata kidogo. Pole ni laini, mtu asiye na ukali; ndiyo pole tunayompa aliyefiwa, ndio upole. Kinyume cha haraka kwa Mswahili si uzito wa miguu bali ulaini wa mkono. Na hapo Kiingereza kinarudi kutusadikisha bila kujua, maana “haste” yao ilitoka katika ugomvi.

Sasa methali hii, pamoja na polepole, ilipewa katika miaka ya ukoloni kazi isiyoiomba. Ikawa cheti cha uvivu wa Mwafrika, kinachotolewa na mwenyewe kwa ulimi wake. Walioitumia hivyo walikuja na vyombo ambavyo vilipimwa kwa tarehe na dakika. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kwa mkataba wa serikali. Pwani ilikuwa na jina zuri la chombo cha aina ile, merikebu ya moshi, lakini lililodumu ni meli, nalo ni neno la Kiingereza la barua. Hatukukiita chombo kwa moshi wake tena, wala kwa chuma chake, bali kwa kile kilichokilazimisha kufika siku iliyopangwa. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ukafika Unguja. Reli ya Mombasa ilianza 1896 na kufika ziwani 1901. Pepo za kaskazi na kusi ziliendelea kuleta majahazi kwa wakati wake, na hakuna aliyeweza kuzihimiza.

Bandarini Mombasa mgongano wa namna mbili za kuhesabu siku ulikuwa mkali kuliko popote. Mchukuzi wa mizigo aliitwa kibarua, yaani barua ndogo, kwa sababu ya kikaratasi alichopewa cha kazi ya siku. Siku ikiisha, ahadi imeisha. Kesho angeweza kuja au asije. Alikuwa na mnazi wake Likoni, kipande cha mhogo, harusi ya binamu. Meli ilipokuwa gatini alifanya kazi usiku na mchana, na mtu aliyebeba magunia ya kahawa begani chini ya jua la Kilindini hakuwa na haja ya kufundishwa kasi. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu bandari hiyo, ameonyesha kwamba kilichowasumbua wakubwa kilikuwa ni uhuru huo wa kutokuja kesho. Baada ya migomo ya 1939 na 1947 serikali ya kikoloni ikaazimia kuumaliza ukibarua na kupata jeshi dogo la wafanyakazi wa kudumu, wanaojulikana kwa majina na wanaofika kila siku. Mjadala ulifanywa kwa lugha ya uvivu na bidii. Hoja ilikuwa ni nani anamiliki siku ya mtu.

Tena Waingereza waliosema hivyo walikuwa wajukuu wa mafundi waliokuwa na desturi ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu, wakaipa siku hiyo utakatifu wa mzaha. E. P. Thompson aliandika makala mashuhuri mwaka 1967 kuhusu jinsi viwanda vilivyowavunja mafundi hao mpaka wakaizoea saa. Niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa uzamivu kaskazini mwa Uingereza, katika mji uliojaa maghala ya pamba yaliyogeuzwa kuwa nyumba za kupanga, na nakumbuka nikijiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kutuambia shuleni kwamba nidhamu hii ilikuwa ngeni kwao pia.

Kiswahili kilichofundishwa mabwana na bibi zao kilikuwa na harufu ya mambo hayo. F. H. Le Breton alitoa mwaka 1936 kitabu cha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Na jina hilo peke yake linatueleza nani alitarajiwa kuzungumza na nani alitarajiwa kusikiliza. Lugha ya vitabu vya aina hiyo ni lugha ya kuamuru: lete, peleka, ngoja, upesi. Kwa njia hiyo upesi, neno jepesi lisilo na lawama, likazoea kuwa neno la mtumwaji. Mpaka leo kuna wazee wa Nakuru na Eldoret ambao ukiwaambia “upesi” watakutazama kwa jicho la mtu aliyekumbushwa jambo.

Uhuru ulipokuja, kasi ikabadilisha mwenyewe. Mwalimu Nyerere alisema kwamba nchi yake haina budi kukimbia wakati wengine wanatembea, na William Edgett Smith akaufanya usemi huo kuwa jina la kitabu chake juu ya maisha ya Mwalimu. Kukimbia huko kulikuwa kwa watu wanaojituma, angalau katika nia yake. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliomba kura kwa kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Ari ikatajwa kwanza, na kasi ikaja mwisho, mpangilio ambao mwanasarufi wa himma angeupenda. Kisha ikaja spidi.

Spidi ilikuja na mashine, na ilikuja na tarakimu. Haraka haina kipimo. Hakuna mtu aliyewahi kuwa na haraka themanini. Lakini Kenya, kwa kanuni za matatu za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004, kila gari la abiria lilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na neno spidi gavana likaingia katika ugomvi wa kila siku kati ya makanga na abiria. Nimewasikia wakilitamka kwa ufasaha ambao ungemfurahisha Heywood, ingawa asingeelewa kitu. Kilichofika ni maana changa ya neno, ile ya tarakimu. Fanaka ilibaki kwao. Ndugu zake wadogo wamefuata: fasta, ambalo kwa Kiingereza ni la kulinganisha na kwetu halilinganishi na chochote, arjenti la maofisini, linalobandikwa juu ya jalada lililokaa miezi miwili, ekspresi la mabasi yanayosimama kila kijiji. Siyachukii maneno haya. Nina shaka nayo kidogo, basi, kama mtu anavyomtilia shaka mgeni asiyesema ametoka wapi.

Dar es Salaam ilifanya lake. Mabasi ya njia maalumu yalipoanza Mei 2016, watu waliyaita mwendokasi, na neno likashika. Ni neno zuri, la kwetu, ila lilikuwa na kazi tayari: ndilo linalotumika kueleza kwa nini basi jingine limepinduka. Mwendokasi ni usafiri wa kisasa katika sentensi moja na chanzo cha ajali katika sentensi inayofuata. Na ajali yenyewe ina habari yake. Tumeitoa katika ajal ya Kiarabu, muda uliowekwa, siku ambayo mtu hawezi kuivuka. Kuna neno jingine la Kiarabu, linaloanza kwa herufi ya ain badala ya alifu, ambalo maana yake ni haraka. Mwarabu husikia tofauti yake barabara. Sikio letu halina ain, kwa hiyo tungeyaazima yote mawili, pupa na siku ya kufa yangekuwa neno moja.

Hapa Doha sikio hilo hutumika kwa namna ambayo hakuna mwanaisimu aliyeipanga. Kwenye eneo moja la ujenzi au mlango mmoja wa jengo utakuta Mnepali, Mhindi, Mmisri, Mganda, Mkenya. Jaldi ya Kihindi, yalla na sura za Kiarabu, na “fast, fast” ya Kiingereza isiyo na sarufi hupigwa kwa zamu, na mlinzi kutoka Kakamega au Mbale huzifasiri zote kwa neno moja: haraka. Naona ajabu kwamba ametumia neno la Kiarabu ambalo Mwarabu aliyesimama karibu naye halielewi hivyo. Kwake amesema “mjongeo”.

Qatar ilipewa Kombe la Dunia Desemba 2010, na katika miaka kumi na miwili viwanja saba vilijengwa upya na cha nane kikakarabatiwa, pamoja na reli ya mjini iliyofunguliwa Mei 2019. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hizo na wanaoendelea kuzifanya. Joto la Julai hapa si la Mombasa. Ni la aina nyingine, lenye unyevu unaozuia jasho kukauka, na mwili usiopoa hauna namna ya kubishana na msimamizi. Kanuni ya 2021 ilipanua marufuku ya kufanya kazi nje juani: kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na wakati wowote wa mwaka kazi ya nje isimame pindi kipimo kinachojumuisha joto, unyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzi 32.1. Kabla yake marufuku ilikuwa fupi zaidi kwa saa na kwa siku. Kwa maneno mengine, polepole imeandikwa katika sheria, na imeandikwa kwa tarakimu. Waongozaji wa Kilimanjaro, wanaowaambia wageni “pole pole” kila hatua mia kwa sababu ya wembamba wa hewa, wamekuwa wakijua jambo hilo bila kipimajoto. Mgeni hununua fulana yenye maneno hayo akidhani ni falsafa ya kupumzika.

Mji huu una kitu kimoja ambacho nakitamani kwa ajili ya lugha yetu. Kituo cha utafiti kilichopo hapa kilizindua mwaka 2013 mradi wa Kamusi ya Kihistoria ya Kiarabu ya Doha, na mwishoni mwa 2018 sehemu ya kwanza, ya matumizi ya maneno mpaka mwaka 200 wa Hijria, ikafunguliwa kwa wote kwenye intaneti. Ukitafuta neno, unaonyeshwa nani alilitumia, lini na kwa maana gani, na maana zinafuatana kama vizazi. Waingereza walianza kuchapisha ya kwao 1884 na kuikamilisha 1928. Ndiyo iliyohifadhi habari ya “speed” niliyoisimulia. Sisi tuna Krapf wa 1882, Madan wa 1903, Sacleux aliyekamilishwa 1941, kamusi sanifu ya 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, na kila moja ina thamani yake. Hakuna iliyopanga maneno kwa tarehe. Abdulaziz Lodhi na Ibrahim Bosha wametuonyesha maneno yetu mengi yametoka wapi. Yalipofika na yalivyobadilika njiani ni kazi iliyobaki. Bila hiyo, mtu yeyote anaweza kusimama na kusema haraka haraka haina baraka ni methali ya watu wazito, na hatuna ukurasa wa kumfungulia.

Malighafi ipo. Kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, zilizohifadhiwa Goa. Kuna Utendi wa Tambuka wa 1728 na Utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Kuna barua za wafanyabiashara na hati za makadhi. Zote ziko katika hati ya Kiarabu, na hapo mtafutaji wa haraka atakutana na kikwazo cha ajabu. Kiswahili hakisomeki kwa hati hiyo bila irabu kutiwa juu na chini ya herufi, yaani bila haraka zile za wanasarufi. Karani mwenye nafasi alizitia zote. Karani ambaye jahazi lilikuwa likimngoja aliziacha, na kafu na te zikabaki peke yake kwenye karatasi. Msomaji wa leo hukaa nazo mchana kutwa, akipima kama mtu wa Kilwa aliandika kata, au kuta, au kiti, au keti.